Neno "Sauti" na Kazi Zake Nne: Istilahi za Mazoezi ya Kwaya

Neno likibebeshwa kazi nyingi huelemewa, na wanaolitumia hupotezana njiani. Ndivyo lilivyopatwa neno sauti katika mazoezi ya kwaya zetu.

Tuchukue mfano wa Haleluya, sehemu mashuhuri ya Messiah, utungo ambao Handel aliuandika mwaka 1741, ukaimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Tuuweke mbele ya kwaya ya ridhaa ya mitaa kama Mchikichini na Kariakoo, ambayo waimbaji wake hukutana jioni baada ya kazi, wakiongozwa na herufi za solfa zilizoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19.

Kwaya ikianza kushuka, mwalimu huamuru: "Pandisheni sauti!" Nusu huimba kwa nguvu zaidi, nusu hupanda juu. Wote wametii, na wimbo umeharibika. Kosa si la masikio yao bali ni la istilahi, kwani sauti hapo yaweza kuwa mlio wa koo la mtu, nguvu ya mlio huo, kimo chake katika ngazi ya muziki, au fungu la waimbaji.

Wapo wanaodai kwamba mkono wa mwalimu hutosha kueleza lisiloelezwa na neno. Hoja hiyo ina ukweli, lakini mkono hauandiki kitabu, wala haumfundishi mwalimu wa kesho.

Ama kuhusu majina ya mafungu, kuyahesabu kutoka sauti ya kwanza hadi ya nne kwapendeza kwa kuwa ni Kiswahili kitupu. Walakini namba huashiria zamu. Katika Haleluya, pale panapoimbwa habari za kutawala milele na mafungu yakaanza kufuatana, wa nne ndio wanaotangulia, na wa kwanza huingia mwisho! Wanaotohoa nao husema soprano, alto, tena na besi. Matatu kati ya hayo hayana lawama. La tena lagongana na neno letu la kurudia. Mwalimu anayesema "tena, imbeni tena" amemwita nani, na amemwamuru nini? Tenori lingeondoa utata huo bila gharama yoyote.

Kuhusu kimo cha mlio, hatuna haja ya kwenda mbali. Wanaisimu wetu wamekwisha kulitumia neno kidatu katika kueleza kupanda na kushuka kwa sauti ya msemaji. Nalo lina asili njema: kidatu, au kidato, ni pengo alikatalo mkwezi katika shina la mnazi apate pa kukanyaga. Muziki nao hupandwa kwa hatua.

Basi twapendekeza sauti libakie kwa mlio wa mwimbaji, kidatu kwa kimo, nguvu kwa ukubwa, na fungu kwa kundi. Mwalimu ataweza kusema "inueni kidatu, msiongeze nguvu", akaeleweka mara moja. Hata hivyo istilahi haishibi kwa kuchapwa. Na zijaribiwe mazoezini. Zikikataliwa na vinywa vya waimbaji, zisilazimishwe na kalamu zetu.