Namikonga na Albert: jinsi kinga ya muhogo ilivyosakwa

Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila. Shamba la muhogo Kiabakari, Mara, laweza kusitawi vizuri, lakini siku ya kuvuna mizizi ikakutwa imeoza kwa ndani, haifai kwa udaga wala kwa soko. H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga, aliueleza kitaalamu mwaka 1936. Tangu miaka ya 2000 umeenea pia Kanda ya Ziwa. Kwa kuwa majani hayasemi kweli, watafiti waliamua kuutafuta ukinzani ndani ya vinasaba.

Walizalisha pamoja aina mbili za wakulima wa Tanzania: Namikonga, inayohimili michirizi, na Albert, inayozidiwa na michirizi lakini yenye kinga dhidi ya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Vinasaba vya muhogo vimechanganyika sana, hivyo hata watoto wa kizazi cha kwanza hutofautiana vya kutosha. Watoto 240 walipimwa Naliendele, Mtwara, na Chambezi, Bagamoyo, ambako ugonjwa umeshamiri, katika misimu ya 2013 na 2014. Majani yalikaguliwa, mizizi ikakatwa na kupewa alama kulingana na uozo. Maabara nayo ilipanga alama 943 za vinasaba katika makundi 18, idadi ileile ya jozi za kromosomu za muhogo. Likabaki swali moja: watoto wenye mizizi safi wamerithi kipande gani cha Namikonga?

Majibu yalichapishwa mwaka 2017. Naliendele ilionyesha kipande cha kromosomu ya 2, Chambezi cha kromosomu ya 11, kila kimoja kwa misimu yote miwili. Ndani ya vipande hivyo zilitambuliwa jeni 27 zinazodhaniwa kuhusika na kinga ya mmea. Kinga ya batobato ilitoka kwa Albert, kwenye kromosomu ya 12, eneo lililokwisha kutambuliwa katika mihogo ya Afrika Magharibi.

Nguvu ya kazi hii ni matokeo kujirudia msimu baada ya msimu. Udhaifu wake ni kwamba kila shamba lilitoa kipande chake, na yote mawili yako nyanda za chini, mbali na Mara. Mzalishaji wa mbegu anayeilenga Kanda ya Ziwa hana budi kuviunganisha vipande vyote vitatu katika mmea mmoja, kisha aupime hukohuko.

Wakati tukisubiri, mkulima usichague mbegu kwa kutazama majani pekee. Chimba shina, pasua mizizi yake yote; ukiona doa la kahawia, usikate pingili hapo.