Sifa za Fundi wa Antena

Kwenye mapaa ya zamani ya Nakuru, kuanzia Bondeni hadi Kaptembwo, bado zimesimama antena zenye vijiti virefu vya alumini. Zamani televisheni ya KBC ilifika sehemu nyingi za Kenya kwa VHF. Mwaka 2015 matangazo ya analogi yakazimwa, televisheni ikahamia UHF, na vijiti hivyo vikabaki bila kazi. Mimi huvitazama kwa heshima, maana kila kimoja kilikatwa kwa hesabu.

Antena haiyaongezei mawimbi nguvu. Huzinyima pande nyingine ili upande mmoja upate zaidi, ndiyo maana mtoto alipandishwa paani azungushe bomba, na baba sebuleni akipaza sauti: "Songa kidogo! Hapo! Rudisha!" Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walionyesha jambo hili miaka ya 1920. Kijiti kimoja hufungwa waya. Cha nyuma yake huwa kirefu kidogo, nacho hurudisha mawimbi. Vya mbele huwa vifupi kidogo, navyo huyavuta. Ukiongeza vya mbele, ukali wa kushika unazidi. Ila urefu wa vijiti una masafa yake. Masafa yakipanda kupita yaliyokusudiwa, vijiti vya mbele vinakuwa virefu mno, vinaanza kurudisha mawimbi viliyopaswa kuyavuta, na ukali wote unapotea ghafla.

Sasa fikiria bendi ya zamani ya televisheni, ya megahezi 174 hadi 230. Nusu ya wimbi upande wa chini ni sentimita 86; upande wa juu, 65. Fundi akate ipi? Fundi aliyekomaa hukata kijiti cha nyuma kwa kufuata chaneli ya chini kabisa, na vya mbele kwa kufuata ya juu kabisa. Kile cha waya hukikunja kiwe kitanzi bapa, kwa sababu kitanzi huvumilia upana kuliko kijiti kimoja, na bomba nene huvumilia kuliko jembamba. Antena hiyo haitaishinda iliyokatwa kwa chaneli moja. Fundi anajua, na ameamua. Uamuzi huo ndio ninaousifu.

Ipo pia njia iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950: vijiti vingi, kila kimoja kikipungua kwa uwiano uleule, waya zikipishana kutoka kimoja hadi kingine. Hufunika bendi pana ajabu. Lakini kwa kila stesheni ni vijiti vichache tu vinavyofanya kazi, vingine vikingoja zamu, hivyo vijiti kumi hutoa ukali wa antena ya Yagi yenye vijiti vitatu au vinne.

Kwetu, bonde lenyewe lina kauli, maana milima huzuia mawimbi. Solai, mlima wa Menengai umekaa kati ya nyumba na mji. Subukia imelala chini ya ukingo wa Bahati. Magharibi kuna Mau. Mwenye nyumba kule anayetaka stesheni moja ya FM isiyokwaruza, mkatie Yagi ya masafa hayo peke yake, ndefu kadiri mlingoti utakavyobeba. Mjini, kwenye ploti ambako mmoja anataka Kass FM, jirani Inooro, na vijana kitu kingine, bendi nzima ya 87.5 hadi 108 inahitajika. Hapo ukali upunguzwe bila majuto.

Wapo wanaouza kijiti kifupi cha plastiki wakiapa kwamba kinashika stesheni zote, tena za mbali. Haiwezekani. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi. Antena iliyo fupi sana mbele ya wimbi hilo lazima ikose ama nguvu ama upana, na busta hukuza mkwaruzo pamoja na sauti.

Ukienda kwa fundi, basi, usimwombe antena kali na kuishia hapo. Mtajie stesheni unazozitaka, mwambie nyumba iko wapi na ni mlima gani uko mbele yake, kisha mwache apime kabla ya kukata.