Elastografia Gando: sindano inapunguzwa au inaahirishwa?

Ukilibonyeza embe bivu, kokwa unaisikia kabla hujaiona. Elastografia ni hilo hilo, ila vidole vimebadilishwa na mawimbi. Mashine ya altrasaundi inaisukuma nyama ya titi kwa mawimbi ya sauti, nyama inatikisika, na ule mtikisiko unasambaa kwa upande. Penye ugumu unakimbia, penye ulaini unajikokota. Mashine inapima kasi hiyo na kuigeuza rangi. Saratani nyingi za titi ni ngumu kuliko nyama inayozizunguka, kwa hiyo wazo lenyewe halihitaji kubembelezwa.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Berg na wenzake, uliotoka katika jarida la Radiology mwaka 2012. Walipima vivimbe 939 katika vituo vya Marekani na Ulaya. 650 kati yake havikuwa saratani. Kwa altrasaundi ya kawaida, vivimbe 397 kati ya hivyo 650 ndivyo vilivyoachwa bila kupendekezewa kuchukuliwa kinyama. Walipoongeza rangi ya ugumu, vikafika 510. Ni sindano 113 ambazo zingeepukwa, bila upungufu wa maana katika kugundua saratani. Kazi nzuri, sibishi.

Ninachobishia ni neno "kuepukwa". Vivimbe vilivyoshushwa ni vya daraja 4A, ambalo uwezekano wa saratani ni zaidi ya asilimia 2 hadi asilimia 10. Vikishuka, vinaingia daraja 3. Na daraja 3 maana yake si "nenda zako mama, huna kitu". Maana yake ni: rudi baada ya miezi sita tukuangalie tena. Kisha urudi tena. Hesabu yote ya usalama imeegemea kurudi huko.

Sasa mchukue dada wa Gando, tuseme ana miaka 34, analima mwani. Kuja Wete tu ameshapoteza maji ya siku hiyo. Akitakiwa kuvuka hadi Unguja, kuna nauli ya boti, pa kulala, na mtu wa kumwachia watoto. Ukimwambia uvimbe wake ni laini, atasikia neno moja tu, "laini", na miezi sita ikifika hauumi. Mimi ningekuwa yeye nisingerudi. Wewe je? Kwa mwanamke wa Boston kumkosa kliniki ni simu ya kukumbushwa. Kwa huyu, anayekuja kumkumbusha ni maumivu, na kwetu tayari wanawake wengi wanafika hospitali saratani imeshakwenda mbali.

Isitoshe, laini si cheti. Saratani zenye ute, na zile ambazo bado zimo ndani ya mirija ya maziwa, zinaweza kuonekana laini. Na mpimaji akikandamiza mkono kupita kiasi, nyama isiyo na kosa inageuka ngumu kwenye kioo. (Hili la mkono wa mpimaji matangazo ya mashine hulipita mbio.)

Halafu kuna jambo ambalo watafiti hao hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Kinyama kinaweza kusafiri peke yake. Sindano ya kuchukulia kinyama inachomwa kwa ganzi ya hapo hapo, haichukui muda mrefu, kipande kinatiwa kwenye formalini na kinapanda boti. Mgonjwa anabaki kwao na mwani wake. Safari moja ya Wete, jibu moja. Mbele ya hiyo, kipimo kinachookoa sindano na kudai safari mbili zaidi kinamgharimu nani?

Msinielewe vibaya, mashine siikatai. Utafiti ule ule ulijaribu pia kupandisha: kivimbe cha daraja 3 kilichoonekana kigumu sana kilihesabiwa kuwa cha sindano badala ya kungojewa. Upande huo ndio ninaoutaka Pemba. Akija binti wa miaka 19 na kivimbe cha duara kinachoteleza chini ya kidole, mashine ikasema laini, vyema, apunguziwe hofu. Ikisema kigumu, asiambiwe angoje.

Kwa hiyo siku mashine hiyo itakapoletwa, kabla ya picha za uzinduzi na utepe, ningeuliza chupa ya formalini iko wapi, nani anaibeba hadi bandarini, na jibu likirudi nani anampigia simu yule dada.