Nguva na Nyoka: Hekaya ya Majini katika Sanaa ya Wangechi Mutu

1.0 Utangulizi

Msanii anayefanya kazi katika nyanja nyingi humtia mhakiki katika taabu ya pekee. Mchongaji ana wahakiki wake, mwanamuziki ana wake, na mpiga picha vilevile. Lakini msanii anayevuka mipaka hiyo yote mara nyingi husifiwa kila mahali bila kusomwa kwa makini popote. Wangechi Mutu ni msanii wa aina hiyo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Wales na baadaye New York, na mwaka 2000 akapata shahada ya uzamili katika uchongaji kwenye Chuo Kikuu cha Yale. Tangu wakati huo ametoa kolaji zilizoungwa kwa vipande vya picha za majarida, sanamu za udongo na za shaba, filamu, utendaji wa hadharani, na kazi iliyomshirikisha mwimbaji. Katika sehemu kubwa ya kazi hizo kiumbe mmoja hujirudia: mwanamke wa majini, ambaye msanii amempa jina la Kiswahili, nguva.

Makala haya yanazisoma kazi hizo kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Hoja yake kuu ni kwamba Mutu ameigeuza hekaya ya nguva kwa kumwondoa mtazamaji chomboni na kumpa nguva mwenyewe jicho la kutazama. Geuzo hilo ni la kifasihi, na lina uzito. Hata hivyo limeacha pengo upande wa hadhira, na pengo hilo si dogo katika zama hizi ambapo mnyama aliyeizaa hekaya yenyewe anakaribia kutoweka katika bahari ya Afrika Mashariki.

2.0 Nguva wa Hekaya

Neno nguva lina virejelewa viwili. Cha kwanza ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, mwenye urefu wa mita tatu hivi, alaye majani yaotayo chini ya bahari na kuibuka juu kila baada ya dakika chache ili avute pumzi. Matiti ya jike yako karibu na makwapa, naye humnyonyesha mwanawe mmoja kwa muda mrefu. Haishangazi basi kwamba aliyemwona kwa mbali, jua likizama, alimfananisha na mwanamke. Cha pili ni kiumbe wa hekaya: mwanamke nusu, samaki nusu, avutaye mabaharia hadi wapoteze njia, na pengine roho.

Linalostahili kuangaliwa katika hekaya hiyo ni nafasi ya msimulizi. Wanaosimulia ni wavuvi na mabaharia. Jicho linalotazama ni la mtu aliye chomboni, na masikio yanayosikia ni yake. Nguva huonekana, husikika, hutamaniwa na kuogopwa, lakini hasimulii. Hana nafsi ya kwanza. Kwa lugha ya uhakiki, yeye ni mtendwa hata pale anaposemekana kutenda, kwa kuwa kitendo chake hujulikana kwa madhara yaliyompata mwingine tu.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliieleza fasihi hiyo kuwa ni tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya hadithi, ngoma na nyimbo, lakini kinafaa pia kuulizia hatima ya hekaya inapohamia katika shaba na filamu. Fani inaweza kubaki huku hadhira ikibadilika, au mahali pakahama huku fanani akibaki. Mabadiliko ya aina hiyo hubadilisha maana hata kama umbo halikuguswa.

3.0 Kubadilika kwa Jicho

Mwaka 2014 Mutu alifanya maonyesho katika jumba la Victoria Miro, London, akayaita kwa Kiswahili Nguva na Nyoka. Kazi mojawapo ilikuwa filamu iitwayo Nguva, ya mwaka 2013. Ndani yake mwanamke wa ajabu anatoka baharini na kutangatanga katika nchi kavu. Muundo huu unaipindua hekaya. Kwa kawaida binadamu ndiye anayeingia katika makao ya nguva. Hapa nguva ndiye mgeni, na nchi kavu ndiyo yenye mambo ya kushangaza. Mtazamaji halindwi tena na ubavu wa chombo. Analazimika kufuatana na mgeni huyo na kuiona pwani kama mahali pasipojulikana.

Sanamu ya shaba nyeusi Water Woman, yaani Mwanamke wa Maji, ya mwaka 2017, inaliendeleza wazo hilo kwa njia ya utulivu. Nguva ameketi, mkia umejikunja, uso umeinuka. Havuti mtu wala haogopi mtu. Katika uchongaji, kuketi ni usemi, na Mutu analijua hilo. Mwaka 2019 alipoalikwa kuweka sanamu katika vishubaka vinne vya uso wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, vilivyokaa vitupu tangu 1902, alichonga wanawake wanne walioketi. Katika mila nyingi za Kiafrika, sanamu ya mwanamke hubeba kiti cha mtawala kichwani. Wanawake wa Mutu wamekaa bila kumbeba mtu, na nguva naye amepewa mkao huo huo wa heshima.

Kwa mhakiki wa fasihi, ushahidi mzito zaidi umo katika anwani. Kazi ya New York inaitwa The NewOnes, will free Us, yaani Wapya, watatukomboa. Maneno New na Ones yameunganishwa yakawa neno moja, kama kwamba upya na watu wenyewe haviachani. Kisha mkato umewekwa kati ya kiima na kiarifu, pale ambapo sarufi hairuhusu. Msomaji hulazimika kutua, na katika mtuo huo ahadi ya ukombozi hubaki imening'inia. Filamu mbili, The End of eating Everything ya 2013 na The End of carrying All ya 2015, zina mtindo unaokaribiana: mwisho na ukamilifu vimeandikwa kwa herufi kubwa, lakini vitenzi vya kula na kubeba vimeachwa kwa herufi ndogo. Kitendo cha kila siku kimefanywa kidogo machoni ilhali ndicho kinachouleta mwisho. Huo ni uandishi wa mtu anayelitazama neno kama mchongaji atazamavyo gogo.

Si kila kazi imefaulu kwa kiwango kimoja. Katika The End of eating Everything, jitu kubwa linaelea angani, mwili wake umejaa viungo vya watu, magurudumu na moshi, nalo linameza ndege hadi linaangamia kwa ulafi wake. Uso wake ni wa Santigold, mwimbaji wa Marekani. Hapa kuna kinaya kizuri: mwanamke wa majini husemekana kuvuta watu kwa sauti ya kinywa chake, ilhali kinywa cha mwimbaji huyu kimepewa kazi ya kumeza. Lakini istiara ya filamu nzima iko wazi kupita kiasi. Mtazamaji huelewa funzo mapema, na muda uliosalia hulithibitisha tu. Ukimya wa Water Woman una maana nyingi zaidi kuliko kelele za jitu hilo.

4.0 Nyoka wa Bara na Mito Yake

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Nguva ni wa pwani. Mutu ni Mgikuyu wa Nairobi. Je, amechukua kisicho chake? Swali hili si geni katika fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, ambako mwandishi wa bara amewahi mara nyingi kutakiwa aonyeshe hati ya umiliki kabla ya kusomwa.

Jibu la kwanza limo katika anwani ya London. Neno dogo "na" linaunganisha viumbe wawili. Simulizi za Wagikuyu zina viumbe wao wa majini: ndamathĩa, joka akaaye mtoni, na mũkũngambura, kiumbe wa upinde wa mvua aishiye katika maji. Katika maonyesho yale Mutu aliweka Sleeping Serpent, nyoka mrefu mwenye kichwa cha mwanamke, aliyelala na tumbo limevimba kama aliyemeza asichoweza kukitapika. Anwani inaweza kusomwa kama mkutano wa hekaya mbili, ya pwani na ya bara, bila mmoja kumezwa na mwenziwe. Kwa usomaji huu Mutu hakuja pwani mikono mitupu. Alikuja na joka lake.

Jibu la pili ni la kijiografia, na msomaji aliye Thika au Ruiru hahitaji kwenda mbali kulipata. Mito ya Chania na Thika hukutana mjini Thika. Maji yake huingia katika Tana na kufika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Maji ya Ruiru huelekea Athi, yakapita Fourteen Falls, yakaitwa Galana na kisha Sabaki, na kumwagika kaskazini ya Malindi. Majira ya mvua, bahari ya Malindi huwa nyekundu kwa udongo wa bara. Majani alayo nguva huhitaji mwanga, na maji yenye tope huuzuia mwanga huo. Eneo la Viwanda la Thika, pamoja na mashamba ya kahawa na mananasi yaliyolizunguka, limejengwa juu ya mito inayoishia mlangoni pa nguva. Mtu wa bara hana haja ya kuomba ruhusa ya kumsimulia nguva. Tayari ana uhusiano naye, na pengine deni.

Kwa kuanzia hapo, matumizi ya udongo mwekundu wa Kenya katika sanamu kadhaa za Mutu yanapata maana ya ziada. Katika msururu wa Sentinel, wanawake walinzi wameumbwa kwa udongo, karatasi iliyopondwa na matawi. Udongo uleule unaojenga mlinzi kwenye chumba cha msanii ndio unaoifunika malisho ya nguva ukifika baharini. Sanamu hazilisemi jambo hili waziwazi. Linajitokeza zinaposomwa pamoja, kazi za udongo kando ya kazi za maji, kama beti za utenzi mmoja.

5.0 Swali la Hadhira

Tukirudi kwenye mambo sita ya Mulokozi, fanani yupo, na fani ipo kwa wingi. Udhaifu uko katika mahali na hadhira. Water Woman imewekwa Laguna Gloria, mjini Austin, Texas, kando ya maji ya mto uliozuiwa kwa bwawa. Nguva ni wa maji ya chumvi. Hapo ameketishwa kando ya maji matamu, mbele ya watu ambao wengi wao hawajapata kulisikia jina lake. Jina hilo lenyewe limeachwa nje ya anwani. Kazi iliyoonyeshwa kwa muda London iliitwa Nguva. Ile iliyokaa mahali pa kudumu Marekani inaitwa kwa Kiingereza. MamaRay ya 2020, mwanamke mwenye mwili wa samaki taa, imefuata njia hiyo hiyo ya jina.

Itakuwa dhuluma kumlaumu msanii peke yake. Shaba ni ghali, na wenye uwezo wa kuinunua na kuiweka hadharani wako kule. Tena Mutu amerudi kufanya kazi Nairobi kwa sehemu ya mwaka. Lakini sababu ya pengo haiondoi pengo. Hadithi isiyosikika kwa wenyewe hubadilika tabia: kwao huwa onyo, kumbukumbu na ubishi, ugenini huelekea kuwa ajabu ya kutazamwa. Hapo hatari ni kwamba nguva, aliyeondolewa chini ya jicho la baharia, atawekwa chini ya jicho la mtalii.

Wakati nao umebadilika. Mwezi Desemba 2022 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ulimworodhesha nguva wa pwani ya Afrika Mashariki miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa zaidi ya kuangamia, ukikadiria kuwa waliokomaa hawafiki 250. Nyavu, uvuvi na kuharibika kwa malisho ndizo sababu kuu. Wasimulizi wa zamani waliweza kumzulia nguva mambo kwa kuwa alikuwapo wa kumzulia. Akitoweka, neno litabaki na kirejelewa kimoja tu, na jazanda itapoteza mwili wake. Mtoto wa Lamu atamjua nguva kama amjuavyo zimwi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sanaa ya Wangechi Mutu, ingawa imekaa zaidi mikononi mwa wahakiki wa sanaa za maonyesho, ina mambo ya msingi ya kumpa mhakiki wa Kiswahili: hekaya iliyogeuzwa nafsi, anwani zinazodai kusomwa kama mishororo, na mkutano wa simulizi za pwani na za bara. Imeonyeshwa pia kwamba mafanikio yake hayalingani, na kwamba hadhira ambayo neno nguva ni lake bado haijafikiwa ipasavyo.

Sehemu ya kazi iliyobaki ni ya idara za fasihi zenyewe. Simulizi za nguva zinahitaji kukusanywa kutoka kwa wavuvi wa Lamu, Kiunga na Mafia wakati wazee waliomwona kwa macho yao wangali hai. Na simulizi za viumbe wa mtoni zinahitaji kukusanywa kando ya Chania na Ruiru vilevile. Makusanyo hayo mawili yakisomwa pamoja, itawezekana kupima kwa haki ni kiasi gani msanii huyu amechukua, na ni kiasi gani ameongeza.