Mume Asiyetajwa: Umbo la Kitabu cha Malkia Emma

Katika kitabu kilichoandikwa kumsifu Malkia Emma wa Uingereza, mume wake wa kwanza hayumo. Jina lake halitajwi, ndoa yake haisimuliwi, kifo chake hakililiwi. Huyo ni Æthelred, mfalme aliyemwoa Emma mwaka 1002, akaishi naye miaka 14 na kuzaa naye watoto watatu. Mmoja wa watoto hao alikwisha kurudi nchini na kushirikishwa katika utawala wakati mwandishi anakamilisha kazi yake. Mtu wa namna hiyo hasahauliki kwa bahati mbaya. Kalamu imemzunguka kwa makusudi, na mzunguko huo ndio unaonivutia, kwa sababu ndio ulioamua kitabu kianzie wapi, malkia aingie lini, na sentensi zipi ziachwe bila mtenda.

Kitabu chenyewe, kijulikanacho leo kwa jina la Encomium Emmae Reginae, kiliandikwa kwa Kilatini kati ya 1041 na 1042. Mwandishi wake hakuweka jina, lakini inaaminika alikuwa mtawa wa Saint-Bertin, nyumba ya watawa iliyokuwa Saint-Omer katika nchi ya Flanders, na anasema wazi kwamba aliyemwagiza kazi hii ni malkia mwenyewe. Ni utangulizi, muhtasari wa hoja, na sehemu tatu.

Ili msomaji aone kilichokatwa, inafaa kwanza aione nguo nzima. Emma alikuwa binti wa Richard wa Kwanza, mtawala wa Normandy, na mkewe Gunnor. Alipovuka bahari kuolewa, Waingereza walimpa jina lao, Ælfgifu. Kwa Æthelred aliwazaa Edward, Alfred na binti, Godgifu. Mwaka 1013 Svein wa Denmark aliiteka Uingereza na familia ikakimbilia Normandy. Svein akafa mwanzoni mwa 1014, Æthelred akarudi, naye akafa Aprili 1016. Cnut, mwana wa Svein, aliikamilisha kazi ya baba yake, na mwaka 1017 akamwoa mjane wa mfalme aliyepigana naye. Kwake Emma aliwazaa Harthacnut na Gunnhild, huku Edward na Alfred wakikulia ugenini. Cnut alipofariki Novemba 1035, Harthacnut alikuwa Denmark, na kiti kikachukuliwa na Harold, mwana wa Cnut kwa mwanamke mwingine, Ælfgifu wa Northampton. Mwaka uliofuata Alfred aliingia Uingereza, akakamatwa, akatobolewa macho, akafa. Mwaka 1037 Emma alifukuzwa na kukimbilia Bruges. Harold akafa 1040, Harthacnut akashika nchi, na 1041 akamwita Edward, nduguye wa tumbo moja.

Sasa tazama mtawa anavyoanza. Sehemu yote ya kwanza ni habari za Svein, baba wa mume wa pili. Msomaji anayemtafuta malkia atapewa merikebu: zimepambwa dhahabu na fedha, juu ya milingoti yake kuna ndege wanaogeuka na upepo, mbele yake wanyama wa kuchongwa. Ni maelezo matamu, pengine kupita mahali pengine popote kitabuni, na hayana mwanamke hata mmoja. Mwandishi alijua kwamba swali litaulizwa, ndiyo maana katika muhtasari wake anajitetea kabla hajashtakiwa. Hoja zake ni mbili. Kwanza, Virgil aliandika Aeneid nzima kumtukuza Octavian, ilhali Octavian mwenyewe haonekani sana humo. Sifa za ukoo ni sifa za mtu. Pili, anayechora duara huanzia nukta moja na kurejea nukta ileile, naye ataanza na sifa za malkia na kuishia kwazo.

Hoja ya Virgil ni ya kijanja kuliko inavyoonekana. Octavian alijinasibisha na Aeneas kwa damu. Emma hakuwa na tone la damu ya Svein. Alikuwa mkaza mwana wake, tena mkaza mwana aliyepatikana baada ya Svein kuwa maiti. Kwa kuiazima fani ya utenzi wa ukoo, mtawa amempa malkia ukoo usio wake. Na ukoo huo mpya una faida moja kubwa: ukianza kuhesabu kwa Svein, mfalme aliyekuwako Uingereza kabla ya hapo anakuwa adui tu, mtu wa upande wa pili wa bahari, asiye na haja ya jina wala ya mke. Hata London inapozingirwa mwaka 1016, na mtawala aliyemo ndani ya mji kufa, kifo chake kinapita kama habari ya vita. Amekufa kiongozi. Hakuna aliyefiwa.

Hapa mwanahistoria atakereka, na ana haki. Thietmar wa Merseburg, askofu wa Ujerumani aliyeishi wakati wa matukio hayo, anamweka malkia ndani ya London wakati wa mzingiro huo. Kitabu chetu kinamweka Normandy, akisubiri kuposwa. Lakini mimi nasoma posa yenyewe jinsi ilivyojengwa. Cnut ameshinda, ana kila kitu, anakosa mke wa hadhi yake. Wajumbe wanatumwa nchi nyingi, wanapekua, na mwisho wanampata. Ni umbo la hadithi tunalolijua tangu utotoni: mfalme, safari ya kutafuta, mwanamke asiye na mfano. Umbo la hadithi haliulizi bibi harusi alikuwa na nani jana. Mwandishi anathubutu hata kumwita bikira, na katika ukurasa huohuo anataja kwamba alikuwa malkia mashuhuri. Malkia wa nani? Sentensi inafungwa kabla swali halijafika.

Kisha Emma anazungumza, na maneno yake ni sharti. Hataolewa mpaka Cnut ale kiapo kwamba hatamrithisha ufalme mwana wa mwanamke mwingine yeyote, endapo Mungu atamjalia yeye Emma mtoto wa kiume. Kumbukumbu za mwaka za Waingereza zinasimulia tukio hilohilo kwa namna nyingine kabisa: mfalme aliamuru mjane wa Æthelred aletwe awe mkewe. Kule mwanamke analetwa, huku anajadiliana. Kwa maoni yangu hapa ndipo mtawa anapostahili ujira wake. Malkia hapewi uzuri wala machozi, anapewa mkataba. Na mkataba huo, uliowekwa mdomoni mwa bibi harusi wa 1017, unazungumza na watu wa 1041 waliokwisha kumwona Harold akiketi kwenye kiti.

Baada ya Harthacnut kuzaliwa inakuja sentensi moja ambayo ningependa kila anayejifunza uandishi aitazame kwa muda mrefu. Inasema kwamba wazazi walimweka mtoto huyu karibu nao kuwa mrithi, na wana wao wengine wenye nasaba njema wakawapeleka Normandy walelewe huko. Wana hao ni Edward na Alfred. Hakuna neno lisemalo kwamba Cnut ndiye baba yao. Sarufi ndiyo inayosema: watenda ni wawili, mume na mke, na watoto wamewekwa chini ya wote wawili. Mpangilio wa habari nao umesaidia, kwa kuwa waliozaliwa kwanza wametajwa mwisho, na msikilizaji asiyejua atawadhania wadogo. Kwa mpindo huo mmoja safari ya ukimbizi imekuwa malezi, kaka wamekuwa wadogo, na yatima wamepata baba.

Je, ni uongo? Wasomi wengi wamemhukumu hivyo, hasa kwa vile utangulizi wake unaonya kwamba mwandishi wa historia akichanganya jambo moja la kubuni, hata ya kweli hayatasadikiwa. Kinaya hicho hakimponyoki mtu. Ila hukumu hiyo inasahau hadhira. Watu wa baraza la Harthacnut walimjua Æthelred. Wengine walimtumikia, wengine walipigana naye, na Edward alikuwa mbele yao na uso wake. Huwezi kumdanganya mtu kuhusu mfalme aliyemlipa mshahara. Kimya cha kitabu hiki kilikuwa na kazi nyingine: kuwaonyesha wote waliomo barazani, Wadenmark kwa Waingereza, jinsi ya kuisimulia familia hii bila kufufua vita. Anayesikiliza na kunyamaza ameshatia sahihi.

Nguvu ya kimya hicho inaonekana zaidi pale mwandishi anapoacha kunyamaza. Kuhusu Harold, stara inatupwa. Tunaambiwa kwamba hakuwa hata mwana wa yule mwanamke mwingine wa Cnut. Alikuwa mtoto wa kijakazi, akaingizwa kwa siri chumbani mwa huyo suria na kuzushiwa ubaba wa Cnut. Ni umbea wa jikoni ulioandikwa kwa Kilatini safi. Lakini kifani una mantiki: kitabu kinachomnyima Edward baba wa kweli kinamnyima Harold wazazi wote wawili. Swali la nani kamzaa nani limekatazwa upande mmoja na kuachwa litambe upande wa pili. Na jina la mwanamke huyo halitajwi, ingawa ni lilelile Waingereza walilompa Emma.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye moyo. Harold, anasema mtawa, alighushi barua kwa jina la Emma ili kuwavuta wanawe kutoka Normandy. Kisha anaiweka barua nzima mbele yetu. Katika nafsi ya kwanza, Emma anajieleza kuwa malkia wa jina tu. Anawahimiza wanawe kwamba kila siku wanayochelewa ufalme unazidi kuwatoka. Anaomba mmoja wao aje upesi na kwa siri. Mahali ambapo sauti ya malkia inasikika kwa urefu na kwa uchungu kuliko penginepo ni mahali tunapoambiwa kwamba sauti hiyo si yake. Wapo wanaoshuku kwamba barua ilikuwa ya kweli na kwamba kitabu kinajaribu kumsafisha mama aliyemwita mwanawe kwenye kifo. Sihitaji kuamua. Kama hila ya usimulizi, barua inafanya yote mawili kwa pamoja: inamruhusu Emma kulilia ufalme, na inamwondolea lawama ya kulia.

Alfred anakuja na watu wachache. Godwine, mkuu mwenye nguvu, anampokea, anamhakikishia usalama kwa kiapo na kumpeleka Guildford. Usiku watu wa Harold wanavamia. Wenzake wanachinjwa, yeye anapelekwa Ely na kutobolewa macho. Mtawa, ambaye kwenye merikebu hakubana maneno, hapa anajizuia waziwazi: anamgeukia malkia na kusema atafupisha ili asimwongezee huzuni, kwani hakuna uchungu wa mama uzidio huo. Ndipo tunapokumbuka kwamba kitabu hiki kina msikilizaji mmoja aliye juu ya wote, na kwamba tulikuwa tukisikiliza pembeni. Najua kuwa msomaji makini atataja siasa, kwa maana Godwine bado alikuwa mkubwa barazani na hakufaa kushtakiwa kwa kirefu. Iwe hivyo. Sababu ya woga na sababu ya huruma zimetumia kituo kilekile, na kituo hicho kinauma.

Lipo tukio la Bruges, fupi, ambalo naliona kuwa ufa mkubwa kuliko yote. Emma akiwa uhamishoni anamwita Edward amsaidie. Edward anakuja, anamhurumia mama, na kujibu kwamba hana la kufanya, kwa kuwa wakuu wa Uingereza hawajamwapia yeye, amtafute Harthacnut. Jibu hili linapwaya. Mwana wa mfalme aliyetiwa taji anawezaje kujitoa kwa sababu ya kiapo tu? Anaweza kwa sababu kitabu kimemwondolea huyo mfalme. Tangu sehemu ya kwanza ukimya ulikuwa unamnufaisha malkia. Hapa tunamwona mwanawe akiulipia gharama.

Mwisho unafika kwa haraka ya kushangaza. Harthacnut anatawala, Edward anaitwa, na mama na wana wawili wanaishi katika ufalme mmoja wenye uaminifu kati ya washirika wake. Watatu katika mmoja: mtawa hakuhitaji kuifafanua taswira hiyo kwa Wakristo. Tukitaka kujua duara limerudi wapi, tutazame mchoro ulio mwanzoni mwa nakala ya kale iliyoko British Library. Emma ameketi katikati amevaa taji, mkubwa kuliko wote, mwandishi amepiga magoti na kitabu mkononi, na pembeni wafalme wawili wanachungulia, wamebanwa na ukingo wa picha. Hakuna baba hata mmoja. Nasaba ya ufalme imehamishwa kutoka mgongoni kwenda tumboni, na hilo ndilo jambo ambalo Svein, Virgil na merikebu zote walikuwa wanaliandalia nafasi.

Umbo hili lilihitaji watu watatu walio hai. Juni 1042 Harthacnut alianguka karamuni, katika harusi huko Lambeth, akafa. Nakala nyingine ya kitabu, iliyoibuka mwaka 2008 katika hifadhi ya nyaraka ya Devon na sasa iko Copenhagen, inaonyesha kwamba mwisho uliandikwa upya ili kifo hicho kiingie na Edward abaki mfalme peke yake. Edward alisahihisha kwa njia yake. Novemba 1043 alikwenda Winchester pamoja na wakuu Leofric, Godwine na Siward, akamnyang'anya mama yake hazina. Kumbukumbu za Waingereza zinatoa sababu: Emma alikuwa mgumu kwake, akamtendea pungufu ya alivyotaka, kabla hajawa mfalme na hata baadaye. Ni mazungumzo yaleyale ya Bruges, safari hii mwombaji akiwa ni mwana na mwenye kunyima akiwa ni mama.