"Omnibus" hadi Basi: Je, Kufupisha Neno ni Uvivu?

Tumezoea kuambiwa kwamba Waingereza hufupisha maneno marefu kwa sababu ya uvivu wa ulimi. Hoja hii ni nyepesi mno, tena ina madhara. Mwanafunzi anayeiamini huona kila neno fupi kuwa la mtaani, na msahihishaji anayeiamini huchora mstari mwekundu hata pasipostahili. Alama hupotea hivyo.

Tuchukue neno "bus". Asili yake ni "omnibus", neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote", ambalo katika karne ya 19 lilitumiwa kuitia magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi. Kilichobaki ni mkia wa neno, kipande cha kiambishi kisichobeba maana ya gari wala ya "wote". Hata hivyo ndicho kilichovuka bahari na kuwa basi letu. Hakuna anayengoja "omnibasi" stendi.

Wapo wanaosema kinachobaki ni silabi yenye mkazo. Kwa "fridge" kutoka "refrigerator" wanasema kweli. Lakini katika "omnibus" mkazo uko mwanzoni, na kilichobaki ni mwisho. Katika "influenza" mkazo uko kwenye silabi ya tatu, na kilichobaki ni ya pili, "flu". Kanuni ya sauti peke yake haitoshi.

Mwandishi Jonathan Swift alilalamikia jambo hili mwaka 1710 katika jarida la Tatler. Miongoni mwa maneno aliyoyachukia lilikuwamo "mob", lililokatwa kutoka maneno ya Kilatini "mobile vulgus", na "pozz", lililokatwa kutoka "positive". "Pozz" limekufa. "Mob" limo katika kila kamusi ya Kiingereza, na sidhani kama wengi wanaolitumia leo wanajua kwamba lilikatwa. Swift aliyaweka yote katika kapu moja, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Kipimo changu ni rahisi: rudisha umbo refu ndani ya sentensi. Ukiandika "examination" badala ya "exam", maana haibadiliki. Kwa hiyo katika insha rasmi msahihishaji ana haki ya kudai umbo refu. Lakini "fan", ambalo kamusi hulitoa kwa "fanatic", ukilirefusha umemgeuza mpenzi wa mpira kuwa mwenye msimamo mkali. Hilo si neno lililofupishwa tena, ni neno jipya. Kulisahihisha ni kulikosesha.

Nasi Waswahili hukata. "Nimekwisha kula" imekuwa "nimeshakula", na "mama yangu" imekuwa "mamangu". Tofauti ni kwamba sisi hukata kwenye kiungo, pale maneno mawili yanapokutana, ilhali Kiingereza hupasua neno moja katikati. Sijapata kusikia mhadhiri akiita "nimeshakula" uvivu.

Neno linalonipa shida ni "phone". "Telephone" bado lipo na linaeleweka, lakini kijana akiita hivyo simu yake ya mkononi, atadhaniwa anazungumzia ile ya waya iliyokuwa ofisini. Mimi ningelihesabu "phone" kuwa limekwisha kujitenga. Wenzangu darasani bado wanabisha.