Kuipima Saketi Hadi Miliampia 20

Fundi wa ala anafika kwenye tangi la maji, anachomeka nyaya mbili za terminali ya mkononi kwenye transmita ya shinikizo, na baada ya sekunde chache kioo kinamwonyesha jina la kifaa, shinikizo linalosomwa, kina cha maji na mkondo wa umeme unaotumwa. Wengi hufunga kazi hapo, kwa kuwa kila namba inaonekana sawa. Namba ya mkondo, hata hivyo, haijapimwa na mtu yeyote. Terminali imeiuliza transmita, nayo imejibu mkondo inaokusudia kutuma. Kama mkondo huo unafika kweli kwenye chumba cha udhibiti, hilo ni swali jingine, na jibu lake halimo ndani ya terminali.

Transmita ya aina hii hupata umeme na kutuma kipimo kwa nyaya zilezile mbili. Tangi la mita 6 likiwa tupu, hupitisha miliampia 4, likijaa, 20, maji yakifika mita 3, ni 12. Kipimo hakianzii sifuri, na kuna sababu mbili. Hizo miliampia 4 ndizo chakula cha transmita yenyewe. Tena waya ukikatika mkondo hushuka hadi sifuri kabisa, kwa hiyo msimamizi wa pampu hawezi kudhani kwamba waya uliokatika ni tangi lililokauka.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Rosemount ya Marekani ilitafuta njia ya kuzungumza na vifaa vyake kidijitali bila wenye viwanda kung'oa nyaya zilizokwisha kutandazwa. Ilichukua mbinu ya simu. Modemu za kiwango cha Bell 202 zilituma data kwa milio miwili, hezi 1,200 kwa tarakimu 1 na hezi 2,200 kwa tarakimu 0, biti 1,200 kila sekunde. Milio hiyo ilipakiwa juu ya mkondo wa kipimo, ikiuinua na kuushusha kwa nusu miliampia tu. Kwa kuwa huinua sawa na inavyoshusha, wastani wake ni sifuri, na chumba cha udhibiti huendelea kusoma 12 kana kwamba hakuna mazungumzo yoyote. Itifaki hiyo, HART, ilifunguliwa kwa watengenezaji wote mwaka 1986. Kwangu ni moja ya kazi nzuri kabisa za uhandisi wa ala, maana iliupokea waya uliopo na kuuongezea kazi.

Milio hiyo ina sharti lake. Ugavi wa umeme wa volti 24 humeza mawimbi madogo ya namna hii, hivyo saketi ikiwa haina ukinzani wa kutosha, terminali haisikii kitu. Kiwango cha chini ni omu 250. Nusu miliampia ikipita kwenye omu 250 hutoa volti 0.125, na hiyo ndiyo sauti ambayo terminali inaisikiliza. Fundi anayeambiwa na kioo kwamba hakuna kifaa kilichopatikana, huku transmita ikisoma vizuri, aangalie kwanza alipochomeka. Akiwa amechomeka moja kwa moja kwenye ncha za ugavi wa umeme, ahamie kwenye ncha za transmita au za rezista. Mezani, ambako mara nyingi hakuna rezista yoyote, aongeze moja ya omu 250.

Ukinzani uleule unaoiwezesha terminali kusikia hula volti, na hapa ndipo pana hitilafu ninayotaka tuitazame kwa makini. Tuseme mkondo unapita kwenye kipokezi cha mfumo wa udhibiti chenye omu 250, kisha kwenye rekoda yenye omu 250 nyingine. Katikati ya njia kuna kiungo cha waya kilichoingia unyevu na kutu, nacho kimeongeza omu 250 ambazo hazimo kwenye mchoro wowote. Jumla ni omu 750. Transmita yetu inahitaji volti 12 ili ifanye kazi. Kwa miliampia 4, ukinzani huo unakula volti 3, zinabaki 21. Kwa 12 unakula 9, zinabaki 15. Kwa 20 ungekula 15 na kuacha 9, ambazo hazitoshi. Ukigawanya volti 12 zinazoweza kuliwa kwa omu 750, unapata miliampia 16. Huo ndio ukomo wa saketi, na 16 maana yake ni mita 4.5.

Sasa fikiria usiku wa kujaza tangi. Maji yanapanda, transmita inayapima sawasawa, lakini mkondo unagota karibu na 16, au transmita inakosa nguvu na kuanza kuzimika na kuwaka. Chumba cha udhibiti kinaona mita 4.5 na pampu inaendelea kusukuma hadi tangi linafurika. Kengele nayo haitalia. Kwa mapendekezo ya NAMUR, jumuiya ya watumiaji wa teknolojia ya otomatiki viwandani, yanayofuatwa na watengenezaji wengi, transmita iliyoharibika hupandisha mkondo hadi 21 au zaidi, au huushusha hadi 3.6 au chini yake. Iliyopangwa kupiga kengele kwa kupandisha haiwezi kufika 21 kwenye saketi inayogota kwenye 16.

Kwa hitilafu hii terminali ina thamani kubwa, kwa sababu inaweza kuiamuru transmita itume mkondo wowote bila kungoja maji. Kabla ya amri hiyo, fundi awasiliane na chumba cha udhibiti, na pampu iendeshwe kwa mkono, kwa kuwa mfumo utauamini mkondo wa bandia kama unavyouamini wa kweli. Kisha amita iungwe kwenye njia ya mkondo. Transmita nyingi zina vituo vya majaribio vinavyoruhusu kusoma mkondo bila kufungua waya. Amri ya 4, amita isome 4. Amri ya 12, isome 12. Wengi huacha hapo kwa haraka ya kazi, na saketi yetu mbovu ingefaulu hatua zote mbili. Kwa amri ya 20 ndipo terminali itasema 20 na amita isome kama 16, au transmita izimike kabisa. Ningependa kila jaribio lifike hadi mkondo wa kengele.

Akiona tofauti hiyo, fundi hushawishika kurekebisha mkondo wa kutoka kwa kutumia menyu ya terminali. Asifanye hivyo. Rekebisho hilo hunyoosha kigeuzi kilichomo ndani ya transmita, na halina uwezo wa kuongeza volti. Dawa ni kukifungua kile kiungo, kukisafisha, kukiunga upya na kukikinga na unyevu. Saketi ikirudi omu 500, kwa miliampia 20 transmita inabaki na volti 14, na kwa 22 inabaki na 13.

Menyu hiyohiyo ina shughuli nyingine mbili ambazo huchanganywa kila siku. Kubadili kiwango cha chini na cha juu ni kuamua tu kwamba 4 na 20 ziwakilishe nini. Usahihi wa kipimo hauguswi. Ugezi wa kihisi, yaani kulinganisha na kurekebisha usomaji wake, unahitaji shinikizo linalojulikana kutoka nje, yaani pampu ya mkono na geji ya rejea iliyofanyiwa ugezi. Bila geji hiyo, terminali pekee haiwezi kugeza chochote. Penye gesi inayoweza kulipuka, terminali yenyewe iwe imeidhinishwa kwa eneo hilo.

Kabla ya kubadili lolote, hali iliyokutwa ihifadhiwe. Baada ya majaribio, amri ya mkondo wa bandia iondolewe na namba tatu zilinganishwe: ya terminali, ya amita, na ya chumba cha udhibiti ikigeuzwa kuwa miliampia. Maji yakiwa mita 3.5, zote ziwe karibu na 13.33. Terminali na amita zikikubaliana lakini chumba cha udhibiti kikasoma kingine, fundi aache kuhangaika na tangi na akakague vipimo vilivyowekwa kwenye kipokezi. Zote tatu zikikubaliana kwa kina kisicho cha kweli, arudi kwenye kihisi akiwa na geji ya rejea.